Kabla ya Kulipia Fremu, Tazama Rafu za Supamaketi

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeuza viatu Kinondoni aliniuliza kama achukue fremu, yaani chumba cha duka, katika jengo jipya la maduka, ambalo dalali anamhimiza alilipie mapema. Marumaru hazileti wateja, dada yangu. Anayewaleta ni mpangaji mkubwa, kwa kawaida supamaketi, na ndiyo maana wenye majengo humtoza kodi nafuu kwa kila mita ya mraba huku sisi wa fremu ndogo tukilipa kiwango cha juu zaidi, kwa matumaini kwamba aliyefuata unga atapita na kwetu.

Nilikuwa na duka la vitambaa katika jengo moja la Dar es Salaam, ambalo sitalitaja, wakati supamaketi yake ilipoanza kuyumba. Wasambazaji walikuwa hawalipwi, hivyo maziwa yakaadimika, kisha mkate, na milango ilipofungwa tukabaki sisi na walinzi. Nilimwomba meneja apunguze kodi, iliyokuwa ikihesabiwa kwa dola. Akanijibu kwamba mkataba ni mkataba, na jibu hilo linaniuma hadi leo. Kituo cha daladala kilikuwa mbali na hapakuwa na benki, kwa hiyo watu hawakuwa na sababu nyingine ya kufika.

Linganisha na Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Supamaketi yake ya Shoprite iliondoka mwaka 2014 na nafasi yake ikachukuliwa na Nakumatt, Nakumatt nayo ikaanguka, baadaye duka kubwa la Game likafunga. Hata hivyo watu hawakukoma kwenda, kwa sababu wanafunzi wako jirani, daladala zinapita Barabara ya Sam Nujoma, na ndani mna benki, sinema na ukumbi wa mikutano. Kule Nairobi, Nakumatt ilipoondoka Thika Road Mall mwaka 2017, Carrefour iliingia, maana wakazi wa Roysambu, eneo lilipo jengo hilo, hawakuwa wamehama.

Duka langu sasa liko karibu na Mwenge na kodi nalipa bila kukopa, jambo ambalo sioni haya kujivunia. Kwa hiyo nisikilize. Nenda kwenye jengo hilo Jumanne mchana, wala si Jumamosi, na uhesabu mifuko mikononi mwa watu badala ya vichwa, kwani wengi hufuata kiyoyozi na picha. Ingia supamaketi; ukikuta chupa za maji zimetandazwa rafu nzima ili kuficha mapengo, usitoe kilemba, yale malipo ya kupewa fremu. Ikiwa haijafunguliwa, omba kuuona mkataba wake uliotiwa saini. Kisha dai kiandikwe kipengele kinachopunguza kodi supamaketi ikifungwa, na kinachokuruhusu kuondoka bila faini ikiwa mpangaji mwingine hatapatikana. Ahadi ya mdomo ya dalali usiipokee.