Maswali ya Wasomaji: Saini ni halali, aliyeingia siye

SWALI: Ndugu Mshauri, ninasimamia mifumo ya kompyuta katika kampuni ya usambazaji hapa Kariakoo. Kila asubuhi mfanyakazi huingia mara moja tu, kwa nywila na namba inayotumwa kwenye simu yake, kisha barua pepe, bohari na mishahara humfungukia bila kuulizwa tena. Mkaguzi tuliyemwajiri alinakili, kwa ridhaa yangu, ujumbe wa uthibitisho kutoka kwenye kivinjari changu, akautuma tena kwa kompyuta yake baada ya dakika 20, na mfumo wa mishahara ukamfungulia kwa jina langu. Simu yangu haikulia. Muuzaji wa mfumo huo anashikilia kwamba saini ya kidijitali ilikuwa halali. Kosa ni la nani? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Muuzaji amesema kweli, lakini ukweli huo haumwokoi. Saini huthibitisha kwamba ujumbe ulitolewa na seva yenu ya utambulisho, ile inayomhakiki mfanyakazi anapoingia asubuhi, na kwamba haukuchezewa njiani. Haisemi kama ujumbe huo umekwisha kutumika. Ni kama kadi ya harusi ya mtu mmoja inayosambazwa kwa picha WhatsApp: kila nakala ina muhuri ule ule wa kamati, na bawabu wa ukumbi akitazama muhuri tu bila kuweka alama kwenye orodha yake, watakula watu wanne kwa kadi moja. Namba ya kwenye simu haikufaa kitu kwa kuwa ilikwisha kuulizwa kabla ujumbe haujatolewa, na usimbaji wa mawasiliano nao haukufaa kwa kuwa nakala ilichukuliwa ndani ya kivinjari, ambamo ujumbe husomeka wazi.

Ikiwa mnatumia SAML 2.0, kiwango cha kupeleka uthibitisho wa kuingia kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kilichopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005, basi jibu limo ndani ya kiwango chenyewe: mfumo unaopokea ujumbe ndio unaopaswa kutunza namba za utambulisho za jumbe zilizokwisha kutumika, kwa muda wote ambao jumbe hizo bado ni halali, na kukataa inayojirudia. Kosa, kwa hiyo, liko kwenye mfumo wa mishahara. Kama mishahara inahudumiwa na seva mbili, hakikisha zinasoma orodha moja, kwa sababu kila seva ikiwa na daftari lake, ujumbe uliokataliwa na ya kwanza utapokewa na ya pili.

Zile dakika 20 zinanitia shaka zaidi. Ama muda wa mwisho wa ujumbe kukubaliwa, ulioandikwa katika kipengele cha NotOnOrAfter, umewekwa mbali mno, ama kuna fundi aliyeongeza uvumilivu wa saa, yaani tofauti ya saa kati ya seva ambayo mfumo huikubali, baada ya kuchoshwa na seva ambayo saa yake huchelewa. Nimeona hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Sawazisheni saa za seva kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, kisha mrudishe muda huo kwenye dakika chache. Mfumo pia ulinganishe kipengele cha InResponseTo, kinachotaja ombi ambalo ujumbe unalijibu, na ombi ambalo kivinjari hicho hicho kililianzisha. Nakala iliyotumwa kutoka kompyuta nyingine ingekwamia hapo.

Muuzaji akileta marekebisho, mwombe arudie jaribio la mkaguzi mbele yako mara mbili: kwanza dakika moja tu baada ya wewe kuingia, kisha kwa kuutuma ujumbe huo huo kwenye seva ya pili.