Rafiki hakuchoka, njia ndiyo iliyobadilika

Nina rafiki niliyeamini kwamba amenichoka. Zamani tulikuwa tukiandikiana barua pepe ndefu, za kusomwa umetulia kitini. Tulipohamia WhatsApp, majibu yake yakawa "sawa", "poa", au dole gumba tu. Nikanuna kimya kimya karibu mwaka mzima. Siku moja nikampigia kwa shida nyingine kabisa, tukaongea saa nzima na ushee. Ndipo akaniambia kuwa kila akianza kutunga jibu la maana kwenye simu, anakuta mimi nimeshaingia mada ya tatu.

Kumbe mwenye haraka nilikuwa mimi.

Tangu hapo, mtu akipoa mahali fulani, kwanza najiuliza kama mahali penyewe panamfaa. Wengine tulianzia kwenye SMS, ujumbe mmoja herufi 160, ukizidisha unalipia wa pili. Aliyezoea kubana maneno namna ile bado anaandika kama anayelipia kila herufi. Ukimtumia aya tatu akakurudishia neno moja, usikimbilie kusema anaringa.

Halafu mwaka 2014 zikaja tiki za bluu za WhatsApp, za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Kabla ya hapo, asiyejibu alikuwa na visingizio vyake na maisha yalikwenda. Mimi nimezizima. Gharama yake ni kwamba nami sioni za wengine, na kusema kweli hiyo ndiyo faida kubwa zaidi. (Kwenye makundi hazizimiki, kwa hiyo huko bado najulikana nimesoma.)

Makundi nayo yana mtego wake. Niliosoma nao tulikuwa tukipigiana simu siku za kuzaliwa, mmoja mmoja. Sasa mmoja akiandika "hongera" kundini, wengine wote wanadandia, na mimi nikiwemo. Nilipokaa kuhesabu, nikaona wapo ambao sijazungumza nao peke yao kwa miaka, ingawa majina yao nayaona kila siku. Siku hizi hongera ya kundini naiacha inipite, namtafuta mhusika pembeni. Hata sentensi mbili zinatosha, mradi zimtaje yeye na jambo lake.

Na ukihama njia, usitundike tangazo ukadhani umemaliza. Niliwahi kufunga akaunti kwa mstari mmoja wa kuaga. Walioukosa ule mstari walidhani nimewakata, na wawili sijawapata mpaka leo. Ningewaandikia mmoja mmoja, kazi ya jioni moja tu.

Sasa kwenye orodha ya majina simuni naongeza neno moja mbele ya jina: "jioni", "sauti", "barua". Nyumbani wananicheka. Yule rafiki yangu ameandikwa "piga", na madole gumba yake siku hizi nayapokea bila kinyongo.