Ukienda Amritsar, usikimbilie mpaka

Mara ya kwanza niliposhuka Amritsar, mji wa jimbo la Punjab huko India, karibu na mpaka wa Pakistan, nilikuwa na saa sita tu. Ilikuwa Juni. Nilitoka mji wa Jalandhar nilikokuwa nikisoma, kwa basi na wanafunzi wenzangu, na dereva wa teksi tuliyemkuta stendi alishatupangia siku nzima: Hekalu la Dhahabu la Wasikh dakika 40, chakula, kisha mbio hadi mpakani kuwaona askari wa India na wa Pakistan wakishusha bendera huku wakirusha miguu hadi usawa wa paji la uso. Nilirudi na picha nyingi na malengelenge ya nyayo, maana marumaru ya hekalu mchana wa Juni ni kikaango. Kuhusu mji wenyewe sikujua chochote.

Nimerudi mara nne tangu siku hiyo. Kwa hiyo kama unasoma Punjab, au umemleta mgonjwa Delhi na umepata siku mbili za kupumua, pokea neno langu: lala Amritsar walau usiku mmoja, na mpaka uuache mwisho. Kutoka Delhi ni kilomita kama 450, treni ya haraka huchukua saa sita hivi.

Anza na maji. Jina Punjab lenyewe ni la Kiajemi: panj ni tano, ab ni maji, yaani nchi ya mito mitano. Amritsar imekaa kati ya miwili kati ya hiyo, Beas na Ravi, kwenye tambarare isiyo na kilima hata cha kukuonyesha njia. Kitovu chake ni bwawa, na mji umechukua jina kutoka kwenye bwawa hilo, bwawa la maji ya uzima. Guru Ram Das, guru (kiongozi wa dini) wa nne wa Wasikh (hawa ambao nyumbani tunawaita Makalasinga), ndiye aliyeanzisha mji, na mwaka unaotajwa sana ni 1577. Guru Arjan aliyemfuata akajenga hekalu katikati ya maji, na mwaka 1604 kitabu chao kitakatifu kikawekwa humo. Dhahabu unayoiona ilikuja zaidi ya miaka mia mbili baadaye, enzi za Maharaja Ranjit Singh, mfalme wa Kisikh wa Punjab.

Nenda usiku, au alfajiri kabla jua halijachomoza. Utagundua kitu ambacho mimi nilikipita kwa haraka: huliendei hekalu kwa kupanda, unateremka ngazi. Nalo lina milango pande zote nne, asiwepo wa kuambiwa kwamba upande wake umefungwa. Viatu unaviacha nje, soksi pia, miguu unaiosha, kichwa unakifunika. Kofia haikubaliki. Vijana watakuandama barabarani wakikuuzia vitambaa vya rangi ya chungwa; usinunue, langoni kuna kapu la vitambaa vya bure. Sigara iache hotelini kabisa. Ukiketi ukingoni mwa bwawa kunja miguu, usiitumbukize majini, utakemewa na mzee mwenye mkuki na utastahili.

Asubuhi nenda uwanja wa Jallianwala Bagh, dakika chache kwa miguu. Unapita kwenye uchochoro mwembamba, na uchochoro huo ndio maelezo yote. Tarehe 13 Aprili 1919, siku ya sikukuu ya Vaisakhi, maelfu ya watu walikuwa ndani ya uwanja huu uliozungukwa na kuta. Jenerali Dyer wa jeshi la Waingereza, waliotawala India wakati huo, akaingia na askari wake, akaziba njia kuu ya kutokea, akaamuru wapige bila onyo. Risasi 1,650 kwa dakika kama kumi. Serikali ya Waingereza ilihesabu waliokufa 379. Uchunguzi wa Congress, chama cha Wahindi waliodai uhuru, ulisema ni kama 1,000. Matundu ya risasi bado yako ukutani. Siku hizi kuta za uchochoro zimejazwa sanamu za watu wanaotabasamu, na mimi binafsi sikupendezwa nazo. Wahi kabla ya makundi ya watalii, utausikia ukimya wake.

Nilimuuliza mwenye nyumba wangu wa Jalandhar kwa nini ile Juni polisi walijaa kila kona, akanyamaza kwanza. Juni 1984 jeshi la India liliingia hekaluni na vifaru, na wiki ya kwanza ya mwezi huo bado ni nzito hapa. Epuka siku hizo, na usiwe wewe wa kuanzisha mazungumzo hayo kwenye chai ya watu.

Mchana ni wa soko. Utacheka jinsi maneno yao yanavyofanana na yetu: duka, gari, dobi, laki. Kula kulcha, mkate wa tanuri uliojazwa viazi na kupakwa siagi. Lassi ni maziwa mgando yaliyopigwa kwa sukari, bilauri yake ni kubwa kama jagi, na ukiinywa kabla ya safari utalala hadi kituo si chako.

Sasa nenda mpakani, ukiwa umeuliza siku hiyohiyo kama sherehe ipo, maana mambo ya pale hufuata upepo wa siasa. Amritsar iko kwenye barabara kuu ya kale inayotoka Kabul, kupitia Lahore, hadi Kolkata. Lahore ni kilomita 50 tu. Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, nchi ikagawanywa kuwa India na Pakistan: mstari ukachorwa kati ya Amritsar na Lahore, ukatangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru. Karibu nusu ya wakazi wa Amritsar walikuwa Waislamu. Karibu wote wakaondoka, na Wasikh na Wahindu wa Lahore wakaja upande huu. Mji wa katikati ya njia ukawa mwisho wa njia. Ukiyajua hayo, wale askari wanaorusha miguu hawachekeshi sana.

Utarudi mjini usiku na njaa. Jikoni mwa hekalu hapafungwi, na hapalipiwi. Unaketi chini kwenye mstari, tajiri na mwombaji bega kwa bega, na mkate unaupokea kwa mikono miwili. Ukimaliza, nenda kwenye mabeseni ukaoshe sahani. Mama mmoja alinisogezea nafasi, akaniita beta, mwanangu, akanionyesha jinsi ya kuzipanga.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori Mombasa hadi Nairobi, na kwa miaka alikula bure kwenye hekalu la Wasikh la Makindu, ambalo mizizi yake ni mafundi wa reli walioletwa kutoka Punjab kuanzia 1896. Nilimpigia simu usiku ule. Akaniuliza jambo moja tu, kama chai yao ni tamu kama ya Makindu.

Ni tamu zaidi.