Usifunge Kompresa Mpya Kabla Hujajua Nini Kiliua ya Zamani

Wiki hii fundi mwenzangu wa Tanga kaniandikia: "Kaka, kompresa ya koldirumu (chumba cha baridi) ya mteja wangu imekufa tena, na ilikuwa mpya kabisa. Ninunue ya kampuni gani isiyosumbua?" Swali hili naletewa kila mara, na kwa kawaida anayeuliza ameshamwambia mteja atafute hela. Kampuni mara nyingi haihusiki. Kompresa, ile pampu inayobana gesi ya kupozea, ikifa ingali changa, kuna kitu kwenye mfumo kimeiua, na kitu hicho bado kipo palepale kinaisubiri inayofuata.

Kuna mama mmoja hapa Dar, mfanyabiashara wa samaki, koldirumu yake iko karibu kabisa na bahari. Aliponiita mara ya kwanza nilimwomba siku moja ya kupima kabla hajanunua kompresa. Akacheka. "Fundi, wewe maneno mengi. Mwenzio anafunga asubuhi, jioni samaki wameganda." Nikamwambia sawa mama, nikabeba mkoba wangu. Iliniuma, siwezi kuficha, maana huyo mwenzangu nilipishana naye getini akanipigia saluti ya kejeli.

Akafunga, ikafa. Akafunga nyingine, nayo ikafa. Ndipo simu yangu ikaita usiku, safari hii naitwa "mwanangu".

Nilianza kwa kuitafuta maiti. Niliikuta nyuma ya stoo ikimngoja mtu wa vyuma chakavu. Bahati nzuri ilikuwa ya aina ile inayofunguka kwa spana. Nikatoa silinda hedi: vibati vya valvu vimevunjika vipande vipande, na juu ya pistoni kuna makovu ya kugongwagongwa. Nikapima koili za mota kwa mita, zote tatu zinalingana, wala hakuna inayovujisha umeme kwenye bodi. Mafuta hayanuki kuungua. Umeme hapo hauna hatia. Kompresa ile iliuawa na majimaji: gesi inabanika, kimiminika hakibaniki, kwa hiyo kinachosalimu amri ni chuma.

Yalitoka wapi? Mpira wa mlango ulikuwa umechanika, unyevu wa bahari unaingia usiku na mchana, evaporeta, ile koili ya ndani inayopoza chumba, imekuwa tofali la barafu. Feni zinazunguka, hewa haipenyi. Gesi ikiingia humo katika hali ya kimiminika haipati joto la kuchemkia, inarudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji. Hilo la kwanza. La pili ndilo lililonikasirisha: hita ya mafuta, ile ya chini ya kompresa, waya wake umekatwa na kuzungushiwa tepu. Eti "inakula luku bure".

Sikilizeni mafundi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, gesi inasafiri taratibu hadi kwenye kompresa iliyopoa na kuyeyukia kwenye mafuta. Umeme ukirudi, kompresa inashtuka, gesi inachemka humohumo, na kwenye kioo cha mafuta unaona povu jeupe linapanda kama uji unaofurika sufuria. Povu hilo linaondoka na mafuta, beringi zinabaki kavu. Hita kazi yake ni kuzuia hilo. Ukishafunga kompresa mpya, iache hita iwake usiku kucha kabla hujagusa swichi. Mteja atapiga kelele. Mwache apige.

Halafu kuna hili la kushangilia barafu. Mtu anamwonyesha mteja kompresa imeganda mpaka tumboni: "Unaona bosi, inapiga baridi balaa!" Kwenye frizi, bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa kuwa na barafu ni kawaida. Lakini chini, penye mafuta, panatakiwa pawe na joto ukipashika. Pakiwa pabaridi, weka geji ya presha na kipimajoto: bomba linaloingia kwenye kompresa liwe na joto kama nyuzi 11 juu ya kiwango ambacho gesi inachemkia kwa presha hiyo. Ikipungua sana, majimaji yanarudi, na kuongeza gesi hapo ni kuongeza maafa.

Umeme nao una kesi zake, msidhani nautetea. Pima fezi zote tatu, zile nyaya zinazoleta umeme, mashine ikiwa kazini. Ukipata 410, 405 na 385, wastani ni 400, na fezi moja imekosa volti 15, yaani asilimia 3.75. Inaonekana kidogo, lakini joto la koili linapanda kwa takriban asilimia 28. Mota haitakufa leo. Itakufa baada ya wewe kulipwa, na utaitwa mwizi.

Kwa walio pwani, kondensa, ile koili ya nje inayotoa joto, ikagueni kwa macho kila mwezi. Chumvi inatafuna mapezi ya alumini yanakuwa unga, presha inapanda, na bomba linalotoka kwenye kompresa linaanza kuchoma. Kipimajoto ukikiweka kwenye bomba hilo sentimita 15 kutoka kompresa kikapita nyuzi 107, mafuta yako ndani yanaharibika. Osha kwa maji baridi yasiyo na nguvu. Wanaoleta mashine za kuoshea magari wanalaza mapezi, kisha wanashangaa.

Kwa yule mama nilibadilisha mpira wa mlango, nikarekebisha difrosti (mfumo wa kuyeyusha barafu), nikarudishia waya wa hita, nikaweka kifaa cha kulinda fezi chenye kuchelewesha kuwaka dakika chache umeme ukirudi. Kariakoo vinapatikana, na bei yake ukilinganisha na kompresa ni aibu kutaja. Kompresa niliyomfungia ni ya kampuni ileile aliyoambiwa ni mbovu. Inafanya kazi mpaka leo, na yule wa saluti siku hizi ananitumia wateja, ila kwa meseji tu, kupiga simu bado hajaweza.