Unataka Kuchora Tatuu? Mashine Iweke Kando Kwanza

Juzi kijana mmoja aliniandikia: "Dada, mashine na wino nimeshanunua. Nisome kozi gani ya haraka nianze kupokea wateja?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake halijanitoka, kwa sababu na mimi nililiuliza hivyo hivyo, na kuna mtu alinila pesa kwa ajili yake.

Studio yenyewe iliahidi kumtoa mtu fundi ndani ya siku chache. Nikalipa ada yote. Kazi yangu ikawa kufagia, kupokea simu na kutazama kwa mbali. Nilipouliza sindano iingie kiasi gani, mwenye studio akanijibu, "Utajua ukianza kuchora watu." Kisha nikapewa cheti kizuri cha kutundika ukutani. Jibu lile linanichoma hadi leo, maana ngozi ya mtu si daftari la mazoezi.

Kwa fundi wangu wa pili ndiko nilikojifunza kazi. Wino unatakiwa ukae kwenye ngozi ya ndani, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Ukiishia juu, ngozi ya juu hujibandua na kuota upya, na mchoro unaondoka nayo. Ukizama mno, wino unatawanyika chini kwenye mafuta na mstari unabaki na kivuli cha bluu pembeni. Na kina hicho hakilingani mwili mzima: ngozi ya upande wa ndani wa mkono ni laini, ya mgongo ni nene. Video haikufundishi hilo. Ni mkono wenyewe unaozoea, huku ule mwingine ukiivuta ngozi ikazike vizuri.

Alininyima mashine kwa miezi mingi. Kila siku ni penseli: mistari, duara, herufi, vivuli. Baadaye ngozi bandia, na maganda ya machungwa. Nililalamika sana, lakini leo mteja akisifu mistari yangu, najua ilitoka kwenye zile karatasi.

Usafi ndio hakuwa na mzaha nao hata kidogo. Mwanafunzi mwenzangu, akiwa amevaa glavu, aliwahi kuishika simu yake kuangalia mchoro, kisha akarudisha mkono kwenye meza ya vifaa. Fundi akasimamisha kila kitu. Sindano zikatupwa kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali, vikombe vya wino vikamwagwa, meza ikafutwa dawa, plastiki mpya ikavingirishwa kwenye waya wa mashine. Mteja alisubiri. Sikuliona jambo dogo, kwani homa ya ini B na C pamoja na VVU hupita kwenye damu, na damu haionyeshi ina nini.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Hakuna shahada inayomfanya mtu mchora tatuu. Sehemu nyingi ni uanagenzi wa mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na mafunzo ya kujikinga na magonjwa ya damu, na leseni pale sheria inapoitaka. Msitafute njia ya mkato! Choreni kila siku. Kusanyeni michoro yenu, ndiyo fundi atakayoiomba kwanza. Jifunzeni ngozi za rangi zote, kwa sababu rangi inayong'aa kwenye ngozi nyeupe inaweza kufifia kwenye nyeusi, na kuna watu ambao kidonda kidogo tu huwaotesha kovu nene. Na choreni kila siku, narudia.

Kabla hamjalipa ada popote, ombeni kuonyeshwa vifaa vinavyotumika tena vinatakaswaje kwa mvuke, na daftari la vipimo vya kuonyesha kama mashine hiyo ya mvuke inaua vijidudu kweli. Wakiwazungusha, ondokeni na pesa zenu.

Na wewe uliyeniandikia, kaanze chanjo ya homa ya ini B wiki hii. Kwa kawaida ni dozi tatu katika miezi sita hivi, muda unaotosha kabisa kujaza madaftari ya michoro. Ukijaza la kwanza, nitumie nilione.