Usinunue flashi ya "Queen bora 40": sikiliza upande mzima kwanza

Usinunue hiyo flashi. Kama hela bado iko mfukoni, ibaki huko huko.

Mleta mada kasema yuko Chumbageni hapa Tanga, kampata mjaza nyimbo maeneo ya stendi atakayemwekea "Queen bora 40", na akishazisikiliza atakuja hapa na albamu zake tano bora za Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, tubishane. Kauliza sabufa ipi inafaa, kauliza kama albamu yao ya Hot Space inastahili matusi inayotukanwa, kauliza na kazi alizofanya mwimbaji wao Freddie Mercury nje ya bendi. Hayo nayaweka pembeni leo. Mkuu, kwenye flashi hiyo hakuna albamu hata moja. Utapangaje ubora wa albamu ambazo hujawahi kuzisikia?

Hawa wajaza flashi wananikera kweli kweli. Ukimwambia unataka albamu anakujibu, "albamu si ndiyo hii, nyimbo zote kali zimo". Hajawahi hata kuifungua folda yenyewe akaisikiliza. Humo utakuta Love of My Life ya jukwaani, ile ya gitaa na umati unaoitikia, imekalia nafasi ya ile ya studio ya 1975 yenye piano ya Freddie na kinubi alichokipiga Brian May, mpiga gitaa wao. Utakuta nyimbo za kipindi cha Paul Rodgers na cha Adam Lambert, walioimba na bendi baada ya Freddie kufariki, zimeandikwa "Queen" tu, msikilizaji mgeni akadhani mwimbaji ni yule yule. Utakuta wimbo umechotwa kwenye video, una makofi mwanzoni na umekatwa kabla haujaisha. Na watangazaji wa redio nao wanaongeza chumvi, eti Queen ni bendi ya nyimbo moja moja. Matokeo yake watu wanagombania We Are the Champions na Another One Bites the Dust usiku kucha, wanaamini wanajadili albamu, kumbe hakuna aliyewahi kuisikia News of the World wala The Game yote.

Hela ya flashi ni ndogo. Hasara kubwa ni sikio. Likishauzoea wimbo mahali pasipo pake, kuurudisha mahali pake ni kazi nzito, maana wimbo unaotakiwa kufuata unauona mgeni.

Chukua Seven Seas of Rhye peke yake. Albamu ya kwanza, Queen, ya Julai 1973, inaisha kwa kipande chake kifupi, piano na gitaa bila mtu kuimba, dakika moja na ushee. Ikaja Queen II Machi 1974, na sasa wimbo umekamilika na ndio unaofunga santuri. Mwishoni kabisa unasikia kundi la watu wanaimba kwa pamoja wimbo wa zamani wa Kiingereza wa kufurahia kuwa pwani. Novemba mwaka huo huo ikatoka Sheer Heart Attack. Inafunguka kwa makelele ya uwanja wa bembea, na ndani ya makelele hayo kuna mtu anapiga mluzi. Mluzi ule ni wa wimbo ule ule wa pwani! Hapo ndipo Brighton Rock inapoanza. Endelea na upande huo mpaka Lily of the Valley, utamsikia mfalme wa Rhye akitajwa tena, safari hii kapoteza kiti chake. Ni albamu tatu zinazoitana ndani ya miezi 16. Sasa kafungue Greatest Hits ya 1981: wimbo huu ni wa 15, umebanwa kati ya Flash na We Will Rock You. Haumwiti mtu, haujibiwi na mtu.

Na hapo naongelea Greatest Hits halali, iliyotoka Uingereza Oktoba 1981. Kule imeuza nakala zaidi ya milioni 7 na hakuna albamu nyingine iliyoifikia. Lakini itazame ndani. Nyimbo 17: kutoka Queen II mmoja, kutoka A Night at the Opera miwili, kutoka albamu ya kwanza hakuna. The Prophet's Song haimo, '39 haimo, The March of the Black Queen haimo. Toleo la Marekani la mwaka huo lina nyimbo 14, lina Keep Yourself Alive na Under Pressure ambazo toleo la Uingereza halina. Kwa hiyo wawili wanaobishana kuhusu Greatest Hits wanaweza wasiwe na santuri moja mikononi. Fat Bottomed Girls wameipunguza karibu dakika nzima. Na wenye santuri wanajua jambo jingine: dakika 58 zimeshindiliwa kwenye santuri moja, karibu 29 kila upande. Ili zienee, mifereji inabanwa na sauti inachongwa chini, na sindano ikikaribia kitovu, sauti za juu zinakwaruza. Queen II ina dakika 20 hivi kila upande, kwa hiyo mifereji inapata nafasi ya kupumua.

Kanuni yangu ni moja na siipunguzi: upande mzima, kwa mpangilio wake, bila kuruka wimbo, ndipo useme neno.

Najua hapa Tanga tabia ya wimbo mmoja mmoja ina asili yake. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walitufikia kwa santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo huku na wimbo kule, na kuupima wimbo peke yake ilikuwa haki kabisa. Queen wa miaka ya 1970 walipanga kazi kwa pande. Hakuna aliyemkata Shakila wa taarabu katikati ya ubeti ili akimbilie kiitikio. Hawa nao wasikatwe.

Queen II ndiyo ushahidi mkubwa, kwa hiyo nakaa hapo. Haina upande A na B, ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe una nyimbo tano, nne za Brian na mmoja wa mpiga ngoma Roger Taylor. Mweusi una sita, zote za Freddie. Procession ni gitaa tupu, tabaka juu ya tabaka, na inamwagikia ndani ya Father to Son bila kituo. Geuza upande: Ogre Battle inaanza kwa mwisho wake wenyewe uliochezeshwa kinyumenyume, kisha inageuka na kwenda mbele. Inaingia The Fairy Feller's Master-Stroke, wimbo uliotokana na mchoro wa Richard Dadd, na huo unayeyukia kwenye piano ya Nevermore. Kisha The March of the Black Queen, zaidi ya dakika sita, inabadilika sura kila ukidhani umeishika, na inaangukia Funny How Love Is bila kukata pumzi. Wakati huo Bohemian Rhapsody ilikuwa haijarekodiwa. Anayesema wimbo ule ulizuka ghafla tu 1975 ni kwa sababu hakuusikia Upande Mweusi.

Mchezo huo haukuishia hapo. Kwenye Sheer Heart Attack, Tenement Funster, Flick of the Wrist na Lily of the Valley zimeshonwa pamoja. Kwenye A Night at the Opera, The Prophet's Song inakupokeza moja kwa moja kwa Love of My Life. A Day at the Races ya 1976 inafunguliwa kwa sauti inayopanda na kupanda isiyofika kileleni, na sauti hiyo inarudi baada ya Teo Torriatte, ile yenye kiitikio cha Kijapani, kufunga albamu. Ukibonyeza kitufe cha kuchanganya nyimbo, umeisikia Races bila mlango wake.

Kuandaa flashi mwenyewe si kazi ngumu, ila kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni nafasi kati ya wimbo na wimbo. MP3 hupakiwa kwa vipande vya sampuli 1152, na kila faili huongezewa ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Programu nzuri ya simu au kompyuta husoma alama na kuuruka ukimya huo. Sabufa nyingi na redio nyingi za gari hazisomi alama hizo, kwa hiyo pale Procession inapoingia Father to Son unasikia mkato, na wimbo unaonekana mbovu bila kosa lake. Dawa yake: chukua CD, au nunua FLAC (faili la sauti lisilopoteza kitu), ziingize nyimbo za upande mmoja kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa mpangilio, zipange mwisho wa huu ushikane na mwanzo wa ule, kisha toa faili moja la MP3 la kilobiti 320 kwa sekunde. Albamu moja, mafaili mawili, kama santuri yenyewe. Usianze kwa kuunganisha MP3 zilizokwishatengenezwa, maana ukimya umeshaingia na utabaki humo.

Wa pili ni mpangilio. Sabufa nyingi hazifuati majina, zinacheza kwa jinsi mafaili yalivyonakiliwa. Fomati flashi kwa FAT32, tengeneza folda moja kwa kila albamu, anza majina na 01, 02, kisha nakili faili moja moja kwa zamu. Ukiburuta folda nzima kwa mkupuo, upande wa pili unaweza kutangulia. Na kwenye simu, zima kile kipengele kinachofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Queen walishafanya miunganiko yao wenyewe, simu isiwaongezee.

Wa tatu ni kilobiti 128, ambazo wajaza flashi wanazipenda kwa sababu nyimbo nyingi zinaenea. Kwa Queen ni balaa. Freddie, Brian na Roger walikuwa wakiimba pamoja kila sauti ya kwaya, kisha wanairudia juu ya utepe, na Brian anapanga magitaa vivyo hivyo. Ukibana faili kupita kiasi, tabaka hizo zinagandana na matoazi yanakuwa mvumo wa maji. Na hakuna unachookoa: albamu ya dakika 41 ni MB 39 kwa 128 na MB 98 kwa 320. Albamu zote 15 za studio kwa 320 hazifiki GB 2. Flashi ndogo kabisa dukani inazibeba zote.

Ukitafuta CD, angalia nyuma mwaka wa toleo. Yale ya Marekani ya 1991 yamebandika nyimbo za nyongeza, zikiwemo zilizochanganywa upya mwaka huo, mwishoni mwa albamu. A Night at the Opera inatakiwa ifungwe na God Save the Queen, wimbo wa taifa la Uingereza kwa magitaa ya Brian. Kwenye toleo hilo, baada ya hapo I'm in Love with My Car na You're My Best Friend zinarudi tena, kama vile albamu haikuisha. Matoleo ya 2011 yameweka nyongeza kwenye diski ya pili. Chukua hayo.

Tano zangu basi, ili usiseme nimekwepa. Queen II ya kwanza, na sitashawishika vinginevyo. Sheer Heart Attack ya pili: nyimbo 13, hakuna uliokaa bure, na sehemu yake ilirekodiwa Brian akiwa mgonjwa. A Night at the Opera ya tatu. Wengi wataniwekea ya kwanza na hoja yao naiheshimu, ila Sweet Lady inaupunguzia upande wa kwanza kasi. A Day at the Races ya nne. Ya tano Innuendo ya 1991, iliyotoka miezi michache kabla Freddie hajafariki Novemba mwaka huo. Isikilize yote mpaka The Show Must Go On, usianze na wimbo huo. Jazz ya 1978 imekosa kidogo tu. Inaanza na Mustapha, na kwa sikio la pwani huo ni wimbo wa ajabu: Ibrahim unamsikia, Allah unamsikia, halafu maneno mengine mengi hayashikiki. Na usimpe mtu alama kwa sababu kazaliwa Unguja. Freddie alizaliwa pale 1946, sawa, lakini Upande Mweusi unajitosheleza bila cheti cha kuzaliwa.

Anza na Queen II, mafaili mawili. Ukimaliza kuyatengeneza, yajaribu kwanza pale Funny How Love Is inapopokea kutoka The March of the Black Queen. Ukisikia kamkato hapo, hata kadogo, ujue ama ulitumia MP3 mahali pa FLAC, ama hukuzishikanisha vizuri. Futa faili la upande huo, rudi kwenye CD, uunganishe upya kabla hujaanza kusikiliza.