Watu wa mtaani hawaji kwenye maonyesho yetu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie nasoma sanaa za maonyesho chuo kimoja hapa Unguja, kila msimu tunacheza michezo ukumbini lakini wanaokuja ni wanafunzi wenzetu na walimu tu. Tufanyeje watu wa mtaani nao waje?

JIBU: Marhaba mwanangu. Sasa mama wa Kwahani avae buibui apande daladala usiku, aje chuoni kwa mchezo asoujua hata unahusu nini? Haji ng'o! Nyinyi ndo mwende. Muoneni sheha, kiongozi wa mtaa, mapema, kibali cha BASSFU, lile baraza la sanaa, filamu na utamaduni la Zanzibar, msikipuuze, halafu mkacheze kiwanja cha mtaa baada ya sala ya alasiri, magharibi ikiadhiniwa muwe mshamaliza na spika mshazima. Mikeka mbele kwa watoto, viti kwa wazee.

Ngome Kongwe kule Mji Mkongwe pazuri, pana jukwaa la wazi na ndo tamasha la muziki la Sauti za Busara lilikoanzia 2004, ila pale juu hakuna paa na masika ya Machi mpaka Mei hayana adabu. Ramadhani ndo msahau kabisa, wekeni nguvu kwenye siku za Idi watu wakiwa washatoka majumbani.

Na jamani lugha! Muuza samaki wenu aseme kama wanavosema sokoni Darajani, sio kama msoma taarifa ya habari. Kabla hamjaanza pigeni kidumbaki, ile ngoma yetu ya mtaani, hata nusu saa, watoto watajaa wenyewe na mama zao watawafata.